Gari la Kumpita Mwanyumba

Jumapili, 1 Juni

Siku imeharibika. Bora niseme mwaka.

Tulikuwa kwa wakwe, chakula cha mchana. Tumekaa barazani, tumeshiba, tumetulia. Mara honi. Nene, yenye kifua. Nani? Mwanyumba! Mume wa mdogo wake mke wangu. Msimamizi wa ghala la vigae. Mtu ambaye mpaka mwezi uliopita alikuwa akija kwa miguu na kurudi kwa lifti yangu.

Ameshuka kutoka kwenye gari la juu, rangi ya fedha, lile wenyewe wanaliita jipu. Jipu ninalo mimi, moyoni, na limeiva.

Watu wote wakainuka. Baba mkwe akapiga teke tairi, kwa heshima. Mke wangu akasema hongera shemeji. Mimi nikasema hongera pia. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyebanwa kidole mlangoni.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Miaka sita, kila Alhamisi, mimi ndiye ninayempeleka mama mkwe kwenye mazoezi ya magoti. Mimi! Mkwe mkubwa! Kigari changu ni kifupi, ni kweli. Mama huingia kinyumenyume, ameshika mlango kwa mikono miwili, akiwataja marehemu wote wa ukoo wake mmoja mmoja. Lakini huingia. Leo ameingia kwenye gari la Mwanyumba kama mtu anayekaa kwenye kiti cha sebuleni. Hakumtaja marehemu hata mmoja. Akapapasa dashibodi, akasema, "Hili linaingilika."

Kisha akatangaza mbele ya watu kwamba Alhamisi hii atakwenda na Mwanyumba, ili mimi nipumzike.

Nani aliyesema nimechoka?

Nilipita karibu na gari lile nikijifanya natafuta kandambili. Paa lake linafika utosini kwangu hasa. Nimeliweka akilini.

Jumatatu, 2 Juni

Nimekata lenzi tatu vibaya. Mwenye duka la miwani amesema nikikata ya nne atanikata mimi.

Mawazo yako kwingine. Natafuta gari la juu, lililotumika lakini limetunzwa, la kwendea kazini kila siku na la kumchukulia mama Alhamisi. Mke wangu nimemwambia ni kwa ajili ya magoti ya mama. Aliniangalia kwa muda, akiwa na pini mdomoni (yeye hushona sare za shule), akasema magoti ya mama yameanza kuuma leo? Mtu mwenye pini mdomoni habishaniwi.

Bahati! Saa tano ameingia Nesi Mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi. Nilimpima macho mwenyewe. Mstari wa tatu wa ubao alisoma herufi tano. Ziko nne. Akacheka, akasema basi wakati umefika, auze gari. Nikauliza gari gani. La juu, akasema. La kwake tangu jipya. Halijawahi kuendeshwa na mtu mwingine.

Nilimchagulia fremu nzuri kuliko zote na kumkazia skrubu bure. Kesho jioni naenda kuliona.

Jumanne, 3 Juni

Nimeliona. Limefunikwa shuka mbili zilizoshonwa pamoja. Nesi alizifunua taratibu kama anayemfunua mgonjwa.

Injini ni safi kuliko jiko letu. Viti havina doa. Ana daftari: kila mafuta ya injini yalipobadilishwa, kila tairi, kila taa, tarehe na saini, mwandiko wa wodini. Aliwasha. Nikamwambia awashe. Akasema limeshawaka. Sikuwa nimesikia kitu.

Ningeweza kumaliza leo leo. Lakini!

Kwanza rangi. Ni rangi ya chai iliyopoa. Nani atageuka kutazama chai iliyopoa? Pili, na hili ndilo zito, nilisimama kando yake nimenyooka kabisa. Paa linaishia kwenye nyusi. La Mwanyumba linafika utosini. Pungufu ya kipaji kizima cha uso! Nikilipaki kando ya lake barazani kwa wakwe, itaonekana kama lake limezaa.

Nimemwambia Nesi nitalifikiria. Nyumbani nimemweleza mke wangu kasoro zake kuanzia chakula hadi kuosha vyombo. Rangi ya wazee. Kimya mno, hata watu hawatajua umefika. Daftari lile ni la mtu mwenye wasiwasi. Mke wangu aliniuliza kama kuna kitu chochote kibovu. Nikasema huo ndio ubaya wenyewe, hakuna hata cha kuombea punguzo.

Jumatano, 4 Juni

Mpango. Wakati natafuta langu, lake lipungue thamani.

Nimempigia Mwanyumba simu wakati wa mapumziko. Sauti ya huruma. Nimemwambia nimesikia kwa mtu anayejua kwamba magari ya aina ile yana ugonjwa wa gia, yanaweza kugoma njiani hivi hivi, tena yakiwa na mgonjwa ndani. Nimemshauri kesho asimpeleke mama. Nitajitolea mimi, nikasema, ingawa nimechoka.

Akasema, "Asante sana, kaka. Wewe ndiye mtu pekee anayenitakia mema."

Saa kumi akanipigia. Amelipeleka kwa fundi mara moja. Fundi amefungua kila kitu, amesema gia ni kama mpya, na kwamba hajaona gari safi hivi mwaka huu. Zaidi ya hapo amemwekea mafuta mapya ya gia. Sasa linateleza kuliko jana. Ameshukuru tena. Amemsimulia mama jinsi ninavyomjali.

Sikula chakula cha jioni. Nilikula kidogo.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda kliniki ya mazoezi kwa bahati mbaya. Yaani, ili nionekane nimepita kwa bahati. Nia: mama atoke, anikute, akumbuke miaka sita.

Nilijificha nyuma ya nguzo ya mapokezi na gazeti. Gazeti nililishika juu chini kwa muda fulani, ndiyo maana watu walikuwa wananitazama.

Wakaingia. Mwanyumba amemshika mkono. Mama anacheka! Kwenye gari langu hucheka pia, lakini si kabla ya mazoezi.

Nikaanza kujongea. Mtaalamu wa viungo akanigusa bega, akauliza goti gani. Nikapata kigugumizi. Nikasema la kushoto. Akaniingiza chumba cha pili, akanilaza, akanifunga mpira wa kijani kwenye kifundo cha mguu, akaniambia niinue mara thelathini kisha tumbo nilikaze. Dakika arubaini! Nilimsikia mama chumba cha kwanza akisema ana njaa, wakaondoka. Nami mguu uko juu.

Mtaalamu amesema goti langu ni baya sana na nirudi wiki ijayo. Ajabu ni kwamba sasa linauma kweli.

Jumamosi, 7 Juni

Nimerudi kwa Nesi. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kuweka chuma cha kubebea mizigo juu ya paa, kile kipaji kilichopungua kikapatikana. Nikaomba kulijaribu.

Nesi alikaa kando yangu, mkoba mapajani, daftari juu ya mkoba, miwani mpya niliyomchagulia usoni. Mitaa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Usukani mwepesi. Breki zinakusikiliza. Kiti kinakupokea mgongo kama kinakufahamu. Nikasema moyoni, hili ni langu. Nilianza hata kuipenda ile rangi. Kuna chai nyingine ukiipoza ndiyo tamu.

Ningepinda kulia, tungerudi kwake, leo ningekuwa mtu mwenye gari. Nikapinda kushoto.

Kushoto ndiko liliko ghala la vigae.

Nilipita mbele ya lango taratibu. Honi tatu. Wapakizi wakatoka, wakatazama, wakadhani ni mteja, mmoja akaanza kufungua lango. Mwanyumba hakuonekana. Nikazunguka. Mara ya pili, honi tano, nikakaza mwendo ili nionekane kijana. Lile tuta la langoni sikuliona. Tulipaa. Miwani ya Nesi ikamtoka usoni ikaangukia gia.

Nesi akasema nisimamishe. Nikasimamisha. Akasema nishuke, tubadilishane. Akaendesha mwenyewe hadi kwake, mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, bila kunitazama. Langoni akaniuliza ni nani niliyetaka atuone. Nikasema hakuna.

"Mwanangu," akasema, "wewe hutafuti gari. Unatafuta watazamaji. Mtu wa namna hiyo simpi gari langu."

Akalifunika shuka zake palepale mbele yangu.

Sawa! Nani analitaka? Nimemwambia mke wangu kwamba nimelikataa. Kosa jingine la gari lile: mwenye nalo ana kiburi. Na linaruka vibaya kwenye matuta. Yaani linaruka vizuri, halikutoa hata mlio, lakini kanuni ni kanuni. Mke wangu aliuliza Nesi huyo anakaa wapi hasa. Nikamwelekeza ili ajue mtaa wa kuuepuka.

Jumatatu, 9 Juni

Nimelipata! Nimelipata! Nimelipata!

Yadi ya magari nyuma ya soko la vifaa vya ujenzi. Dalali wake wanamwita Profesa. Mtu mtulivu, koti, miwani. Mimi ni mtu wa miwani, niligundua mara moja kwamba lenzi zake ni kioo kitupu, hazina nguvu yoyote. Mtu anayevaa miwani asiyoihitaji! Nikasema huyu anajali mwonekano, tutaelewana.

Gari lenyewe ni jeusi. Vioo vyeusi. Viti saba. Paa lake linapita utosi wangu kwa shubiri nzima, nimepima kwa mkono, Profesa akanisaidia kunyoosha vidole. Ukifungua mlango, kikanyagio kinatoka chenyewe chini, kama kinakukaribisha. Ndani linanukia manukato, linanukia harusi! Profesa amesema lilikuwa la mkurugenzi mmoja aliyeliendesha Jumapili tu, tena akiwa peke yake, tena bila viatu.

Fundi wangu, niliyempigia, amesema nisinunue mpaka alione, atakuja Jumatano. Nikamwambia Profesa Jumatano. Profesa akavua miwani, akaifuta, akasikitika. Amesema hatamzuia mtu, ila kuna bwana mmoja anakuja leo alasiri kulichukua. Nikauliza bwana gani. Akasema jina halijui, ila anahusika na mambo ya vigae.

Vigae!

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Kwamba Mwanyumba anataka la pili! Ni kweli nilikuwa nimemsimulia Profesa habari za Mwanyumba kwa robo saa nzima, ghala na kila kitu, lakini mtu akiwa na hasira hakumbuki mambo madogo.

Nimelipia hapo hapo. Akiba yote, na kigari changu juu yake. Profesa amekichukua kwa huruma tu, amesema. Nilipoondoka nilikiona kwenye kioo cha nyuma, kidogo, kimeegeshwa ukutani. Sikugeuka.

Jumanne, 10 Juni

Gari halipiti langoni kwetu. Nimelijaribu mbele, nyuma, ubavu. Halipiti. Nimeliacha barabarani mbele ya nyumba, na kusema kweli ni afadhali. Ndani nani angeliona?

Majirani saba wamesimama leo kulitazama. Jirani wa pembeni amesimama mara mbili, lakini ya pili alikuwa anauliza nitalitoa lini ili atoke.

Mke wangu aliniuliza kama fundi ameliona. Nikasema fundi ni wa magari mabovu. Akalizunguka mara moja. Akafungua mlango, akanusa. Akapiga chafya mbili. Akarudi kwenye cherehani yake. Wivu upo hata ndani ya ndoa.

Jumatano, 11 Juni

Siku bora ya maisha yangu. Nimeoa, nimepata binti, lakini leo!

Nilikwenda kwa wakwe baada ya kazi. Mwanyumba alikuwepo, gari lake limeegeshwa. Nikaliegesha langu kando. Lake likatoweka! Ukisimama barazani huoni kitu cha fedha hata kidogo. Nilipofungua mlango, kikanyagio kikatoka. Mama mkwe akasema, "Yesu na Maria, linatoa ulimi!" Baba mkwe akauliza kama ni basi. Nikawaeleza lilikuwa la mkurugenzi, aliliendesha Jumapili tu. Mwanyumba alilizunguka kimya, mikono mfukoni. Taya lake lilikuwa linacheza. Niliona. Macho ya watu ndiyo kazi yangu.

Nikasema, kwa sauti ya chini ya mtu aliyefanikiwa, kwamba Alhamisi nitampeleka mama, Mwanyumba apumzike. Mama akamtazama Mwanyumba, akanitazama mimi, akasema haya, kesho twende na hilo.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naimba. Redio haifanyi kazi.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika nikiwa nimetulia. Nimeoga mara mbili.

Mama alitoka amevaa gauni jeupe lililopigwa pasi, kitambaa cheupe, kwa ajili ya gari. Kikanyagio kilitoka vizuri. Akapanda, akakaa, akaniambia, "Baba, unanipeleka kama waziri." Roho yangu! Nilitaka asirudie ili nisilie usukanini.

Joto lilikuwa kali. Akauliza kama tunaweza kufungua dirisha. Dirisha! Nikacheka. Nikasema mama, hapa kuna kiyoyozi. Nikabonyeza. Kikakohoa. Nikaongeza hadi mwisho.

Kikatapika. Vumbi, tope kavu, wingu zima la rangi ya mto likatoka kwenye matundu yote kwa mpigo. Sikuona barabara. Sikumwona mama. Nilisikia akiwataja marehemu, wote, hata ambao sikuwajua. Nikasimamisha. Vumbi lilipotua nikamwona. Gauni lilikuwa rangi ya matofali. Kitambaa pia. Nyusi pia. Na mapajani mwake, katikati kabisa, konokono. Mdogo, mkavu, ametoka kwenye kiyoyozi.

Mama akamwokota, akamtazama, akanitazama.

"Na huyu," akasema, "alikuwa akiendesha Jumapili tu?"

Nikasema tushuke tupunge hewa. Milango ikagoma. Vioo vikagoma. Kikanyagio peke yake kilikuwa kinafanya kazi: kinatoka, kinarudi, kinatoka, kinarudi. Gari likazimika. Watu wakaanza kukusanyika nje ya vioo vyeusi, wanatuchungulia kwa viganja. Nilikuwa nimetaka watazamaji. Walikuwa wengi.

Nilimpigia fundi, hapokei. Mke wangu, yuko kwa mteja, simu iko mbali. Ikabaki namba moja. Niliitazama namba hiyo kwa muda mrefu. Mama akasema kama siwezi kubonyeza, atabonyeza yeye.

Mwanyumba alifika kwa dakika tisa. Alitufungua kwa waya kupitia mlango wa nyuma, mama akapita juu ya viti vyote saba. Hakucheka! Hilo ndilo lililoniumiza. Alimfuta mama uso kwa leso yake mwenyewe, akamkalisha mbele, kwenye lake. Kisha akafunga kamba, akanivuta. Nilikaa usukanini peke yangu, nikipiga breki nilipoambiwa, nikitazama matako ya gari lile la fedha njia nzima. Tulipita mbele ya ghala la vigae. Wapakizi wakatoka. Mmoja alinitambua.

Ijumaa, 13 Juni

Fundi ameng'oa zulia la gari. Chini yake kuna mchanga, majani, na kisosi cha mtu. Amesema gari hili limelala mtoni, tena si siku moja. Manukato yalikuwa ya kuficha ukungu. Nyaya zote zimeoza. Viti saba vimeanikwa mbele ya gereji kama vya msibani.

Nilikwenda yadi. Profesa hakukataa chochote. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema mtoni ni pengo tu katika historia ya gari, na akanionyesha saini yangu mahali panaposema nimelikagua na nimeridhika. Nikauliza kigari changu. Kimenunuliwa juzi. Nikamuuliza na yule bwana wa vigae vipi, aliwahi kuja? Profesa akasema bwana gani.

Nimerudi kwa miguu. Goti la kushoto.

Jumamosi, 14 Juni

Nilikuwa nimeketi kizingitini, natafakari dhuluma ya ulimwengu, likaingia gari langoni. Taratibu, bila mlio. Limepita lango bila kugusa upande wowote. Rangi ya chai iliyopoa.

Anayeendesha ni mke wangu!

Nikasimama. Nikakaa tena. Leseni anayo tangu kabla hatujaoana, najua, lakini ni ya sandukuni. Akazima injini, nadhani alizima, akashuka na daftari la Nesi kwapani. Amelinunua. Kwa fedha zake za sare za miaka mitatu. Nesi alimuuliza maswali kwa saa nzima: nani atakaa mbele, mnapenda kwenda wapi, unapiga breki vipi. Kisha akampa ufunguo na kumfundisha kulifunika.

Niliuliza amejuaje kwamba ni gari zuri, hata fundi hakwenda naye. Akasema fundi alikwenda naye jana. Na kwamba kabla ya fundi alikuwa ameshajua.

"Baba watoto, umelisema vibaya gari hili wiki nzima," akasema, "na hukutaja kitu kimoja kibovu. Nikajua ni lenyewe."

Akaniuliza kama nataka kulikalia. Nikalikalia. Upande wa abiria.

Jumapili, 15 Juni

Kwa wakwe. Mke wangu, mdogo wake na mama wameondoka na gari la chai kwenda kutembea tu, bila safari. Mama aliingia bila kutaja mtu. Walikuwa wanacheka kabla hawajafika barabarani. Baba mkwe amelala kitini.

Tukabaki barazani, mimi na Mwanyumba. Yeye ndiye aliyeanza. Alikuwa anachezea ufunguo wake, hanitazami.

Akasema ana jambo, nisimcheke. Akasema tangu amuoe mdogo wa mke wangu, hakuna siku amekaa na mama asisikie habari zangu. Kaka yako anapiga breki taratibu. Kaka yako ananipitisha njia ya kivuli. Kaka yako ananisikiliza. Akasema alinunua gari hili kwa taabu, ili siku moja, moja tu, mama amtaje yeye. Alhamisi ile alimpeleka, na mama alipokaa alifunga mkanda na kusinzia. Hakumsimulia kitu. Alipoamka aliuliza kwa nini hawakupita njia ya kivuli.

"Nilikuonea wivu, kaka," akasema. "Nisamehe. Ile siku ya lile jeusi sikulala."

Nilimtazama. Nikaona ana mvi mbili juu ya sikio. Sikuwahi kuziona, nilikuwa natazama gari. Nikamwambia kila kitu: habari ya ugonjwa wa gia, honi nane langoni kwake, mguu wangu na mpira wa kijani. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikacheka na mimi. Baba mkwe akaamka akauliza nani amekufa.

Nikampa mkono. Tumekubaliana, mtu na ndugu yake, hakuna kushindana tena. Wivu ni ugonjwa. Nimepona. Najisikia mwepesi, kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana. Mke wangu amesema uso wangu umebadilika. Naandika hapa kwa herufi kubwa ili nikumbuke: BASI.

(Njia ya kivuli! Ameitambua njia ya kivuli!)

Jumatano, 18 Juni

Nimepata habari, na nimezipokea vizuri sana.

Mwanyumba, kwa ushauri wa daktari wake, ameanza kwenda kazini kwa baiskeli. Ameanza jana. Jana! Leo asubuhi mama mkwe amempigia mke wangu simu, spika iko wazi, nikasikia kwa masikio yangu akisema kijana amepungua tumbo, anang'aa, anaonekana kama alivyokuwa siku ya harusi. Siku mbili mtu anapungua tumbo? Kisha akasema, na hili sikulitafuta, lilinijia lenyewe sebuleni: angalau kuna mkwe mmoja anayejali afya yake.

Sina neno naye. Tulipeana mkono. Ni suala la goti langu tu. Mtaalamu wa viungo alisema linahitaji mwendo.

Saa za mapumziko nimepita kwa fundi wa baiskeli. Anazo nzuri, zilizotumika, zimetunzwa. Alinionyesha moja ya kijani, imara, kiti kipana, breki mpya, akasema kwa mtu wa umri wangu hii ndiyo yenyewe. Nikamuuliza ina gia ngapi. Akasema sita. Nikamuuliza ya Mwanyumba wa ghala la vigae, aliyenunua juzi, ina ngapi. Akasema kumi na nane.

Kuna moja imening'inia darini, ya mashindano, nyekundu, nyembamba kama wembe. Gia ishirini na saba. Nimemwambia aishushe. Alishika ngazi, akasita, akanitazama mguu, akaniuliza kama najua kuendesha baiskeli.

Nimemwambia hilo tutaliangalia baada ya kununua.